Chumba cha Mabati: Shughulikia Paa Kabla ya Kununua Feni au AC

Kuanzia Desemba, kaskazi inapovuma, hadi Machi, chumba cha mabati hapa Bofu hakikaliki saa nane mchana. Mkazi anayetaka nafuu hukimbilia duka la vifaa vya umeme. Tunamshauri aangalie juu kwanza.

Wengi Likoni wana nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zako, kiwanja ni cha mwingine na unamlipa kodi ya ardhi. Siku ya kuhama utabeba kile tu kinachofunguka. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, jiulize kama kifaa hicho kitaondoka nawe.

Joto la mchana linatoka kwenye bati. Juani linaweza kupita nyuzi 60, nalo hulimwaga joto hilo kwa aliye chini yake. Bati jipya linalong'aa lisikudanganye. Hurudisha mwanga, lakini likishashika moto huchelewa kupoa. Rangi nyeupe ya paa husaidia zaidi, mradi ioshwe vumbi likitanda. Chini yake weka dari ya plaiwudi, uache nafasi ya shubiri moja, na matundu pande zote mbili ili hewa moto itoke. Funga kwa skrubu, usipige misumari, ndipo mbao zitoke nzima utakapohama. Wanaoishi au kuuza ndani ya kontena wafanye vivyo hivyo. Lao lina tatizo kubwa zaidi la madirisha.

Sasa feni. Ya kusimama hutumia takriban wati 50, yaani yuniti 0.4 kwa usiku wa saa 8. Jioni, nje kukishapoa, ielekeze dirishani isukume joto nje, na ufungue dirisha la upande wa pili. Ukilala, isogeze karibu na kitanda kwa sababu chandarua hupunguza upepo. Chandarua kisitolewe. Kumbuka feni haipozi hewa. Mchana chumba kikishapita joto la mwili, mtoto mchanga na mzee wahamishwe kivulini, wapewe maji na wafutwe kwa kitambaa chenye maji.

AC ndogo hula karibu wati 1,000. Chini ya bati lisilo na dari haipumziki, hivyo usiku huohuo wa saa 8 ni yuniti 8. Tokeni hizo zingeendesha feni siku 20. Ile ya magurudumu inahamishika, lakini bomba lake likitoa hewa nje, hewa moto nyingine huingia kwenye nyufa za mabati. Vipoza hewa vya maji vinafaa Lodwar penye ukavu. Hewa yetu imejaa unyevu tayari.

Ukiamua AC, au hata feni ya pili, nyaya zikaguliwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Waya mwembamba uliovutwa kutoka kwa jirani hupata moto ndani ya plastiki yake, na nyumba zetu zimebanana.

Vifaa vya kupasha joto hatuvihitaji, hata Julai wakati wa kusi. Jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku wa mvua: gesi yake haina harufu, na aliyelala haamki.