Ushauri: Binti kachagua Muziki na Maigizo, baba yake hataki kusikia

*Shangazi,*

*Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mafinga, mkoani Iringa. Mume wangu anafanya biashara ya mbao, mimi nina genge. Binti yetu wa kwanza yuko Kidato cha Pili, shule ya bweni Mbeya. Likizo hii amerudi na fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tatu, na amejaza Muziki na Sanaa za Maonesho. Baba yake alipoisoma aliikunja akaitia mfukoni, akasema yeye halipi ada mtoto akajifunze kucheza ngoma, kwani ngoma zipo kijijini bure. Tangu siku hiyo mtoto hali vizuri na nyumba imenuna. Mimi mwenyewe sijui nisimame wapi. Kanisani namwona anavyoishika sauti ya pili, wengine wakipotea yeye hapotei. Lakini naogopa asije akamaliza shule akabaki anazurura na ndoto zake. Nifanye nini?*

*Mama Binti, Mafinga*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtafuta zaidi mume wako kuliko binti. Mkwe wangu si mtu mbaya. Anajua ubao mmoja unauzwa bei gani na anajua ada imetoka kwenye mbao ngapi. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi.

Jibu langu ni hili: mwacheni asome, mradi mmehakikisha kwamba shule hiyo inayafundisha masomo hayo kweli. Hapo kwenye kweli ndipo penye kazi yenu wazazi, na nitaparudia.

Kwanza hili la ngoma za bure. Ni kweli kijijini mtoto anajifunza kucheza bila ada, na ninazipenda ngoma hizo kwa moyo wote. Lakini mwambie mkwe wangu kwamba kila anaposimama wima kuimba Mungu Ibariki Afrika, anaimba sauti iliyotungwa mwaka 1897 na mwalimu wa shule, Enoch Sontonga wa Afrika Kusini, aliyekuwa akifundisha na kuongoza kwaya. Wimbo huo ulivuka mipaka na kudumu zaidi ya miaka mia moja kwa sababu uliandikwa, na waliokuja nyuma yake walijua kuusoma.

Binti yako leo anaimba sauti ya pili kwa sikio. Kipaji hicho ni chake, lakini mwalimu wa kwaya akihama, au wimbo ukiwa mpya, inabidi asubiri mtu amwimbie kwanza ndipo aushike. Darasani atajifunza kuusoma wimbo kwenye karatasi, kwa solfa na kwa noti, na kuiandikia sauti ya pili wimbo ambao haujawahi kuwa nayo. Huko Mbeya alikopelekwa, wamisionari Wamoraviani walifika Rungwe mwaka 1891, na matarumbeta yao mpaka leo yanasikika misibani na siku za sikukuu. Vijana wanaoyapuliza hufundishwa, kidole kwa kidole, pumzi kwa pumzi.

Kuhusu maigizo nina jambo nililoliona kwa macho yangu nikiwa mwalimu. Palikuwa na msichana aliyekuwa akisema kifuani, ukimwuliza jina lake unamwinamia. Mwalimu wa maigizo alimpa sentensi moja tu, kisha akaenda kusimama nyuma kabisa ya bwalo, mkono ameuinua juu. Akamwambia, 'Nisipokusikia mkono unabaki juu.' Binti akasema, mkono ukabaki juu. Akarudia, ukabaki. Wenzake walicheka mpaka wakachoka kucheka, wakaanza kumsaidia: nyanyua kidevu, vuta pumzi chini, usikimbize maneno. Sikumbuki alirudia mara ngapi, lakini nakumbuka mkono uliposhuka, kwa sababu bwalo zima lilipiga makofi. Mwaka uliofuata ndiye aliyesimama mbele ya mkuu wa shule kueleza kwamba mabweni ya wasichana hayana maji. Hakuigiza siku hiyo.

Jambo hilo wataalamu wetu walilijua zamani. Mwaka 1996 Penina Mlama na Amandina Lihamba, walimu wa sanaa za maonesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari, wasichana watumie maigizo, nyimbo na ngoma kueleza yanayowakwamisha katika masomo na kutafuta njia ya kuyatatua. Baadaye FAWE, shirika la elimu ya wasichana, likaupeleka katika nchi nyingine za Afrika. Ukiwa na binti wa miaka kumi na mitano au kumi na sita aliye mbali na nyumbani, sauti ya kusema 'hapana' ikasikika ni mali kuliko unavyodhani. (Na inaniuma kwamba wanafunzi wetu wengi wanazisoma tamthilia za *Orodha* na *Kilio Chetu* kwa ajili ya mtihani wa Kiswahili bila kusimama hata siku moja kuziigiza. Tamthilia isiyochezwa ni sawa na ugali unaosomwa kwenye daftari.)

Sasa nirudi kwenye kweli. Nilipata kufundisha shule moja, siitaji, iliyokuwa na somo la Muziki kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani. Mwalimu wake alihamishwa. Kinanda kikawa meza ya kuwekea madaftari, na kipindi cha Muziki kikawa cha kufyeka majani. Watoto waliokuwa wamechagua somo waliingia kwenye mtihani wakiwa na maelezo waliyonakili kwa wenzao wa nyuma. Nilikuwa hapo, nilinyamaza, na mpaka leo najilaumu.

Kwa hiyo fomu isitiwe sahihi kabla hamjaonana na mwalimu wa somo. Muulizeni amesomea wapi. Atakayesema Butimba, Bagamoyo, Makumira au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, huyo ameandaliwa. Ombeni kuviona vyombo na kuambiwa watoto wangapi wanashirikiana chombo kimoja. Muulizeni kama watahiniwa wa Kidato cha Nne wanasajiliwa Baraza la Mitihani (NECTA) kwa masomo hayo. Hili hata msisubiri kuambiwa: NECTA huweka matokeo ya kila shule kwenye tovuti yake, pamoja na ufaulu wa kila somo. Kijana yeyote mwenye simu hapo Mafinga atawafungulia. Kama Muziki haumo kwenye orodha ya shule hiyo, ulizeni kwa nini.

Mkwe wangu atataka pia kusikia hesabu, nayo ni hii. Daraja la Kidato cha Nne hutokana na masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ya Muziki ni pointi moja, sawasawa na A ya Kemia. Mwaka 2024 serikali ilitangaza tahasusi mpya 49 za Kidato cha Tano, jumla zikawa 65, na miongoni mwake lipo kundi la sanaa. Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu 1981, ambacho sasa ni TaSUBa. Ila kuingia ngazi ya cheti kwenye vyuo vyetu vya kati kunataka ufaulu wa masomo yasiyopungua manne, yasiyo ya dini. Maana yake binti hana ruhusa ya kuzembea Hisabati wala Kiingereza kwa kisingizio kwamba yeye ni msanii. Mwambie hivyo wewe mwenyewe, kwa sauti ya mama.

Usimwahidi umaarufu. Najua vijana wa Mbeya wanamtazama mwanamuziki Rayvanny, mtoto wa kwao aliyechukua tuzo ya BET mwaka 2017, na wanaona njia imenyooka. Wanaofika pale ni wachache mno. Wengi zaidi wanaishi kwa kufundisha, kuongoza kwaya, kufanya kazi redioni, kurekodi studio, na sasa shule za msingi zina somo la Sanaa na Michezo linalohitaji walimu wanaolijua.

Kabla ya yote, kaa na binti yako jikoni, bila baba, umuulize swali moja: anaukimbilia Muziki, au anaikimbia Fizikia? Mpe muda wa kujibu. Kama anakimbia, tafuteni kwanza kinachomkimbiza, huenda ni mwalimu mkali au msingi uliolegea. Kama anakimbilia, utamjua kwa namna atakavyoanza kukueleza, hatamaliza.

Na mume wako usimbishie mbele ya watoto. Fomu anayo bado mfukoni, hakuichana, na mimi hilo nimeliona. Likizo ikiisha, pandeni basi naye, Makambako, Igawa, Chimala mpaka Uyole, mkamrudishe mtoto shuleni wote wawili. Omba mwalimu awaruhusu mkae kwenye kipindi kimoja, nyuma kabisa, mkwe wangu amsikilize binti yake akiwa darasani. Mambo ya sahihi mtayazungumza mkitoka hapo.