KUKU ANAYETAKA KUATAMIA

Kila mwenye kuku hapa Uvira, Makobola au katika bonde la Ruzizi amepata kuona jambo hili. Kuku aliyekuwa akitaga vizuri anaacha kutaga. Analala katika kiota mchana na usiku, hata kama hakina yai. Ukimkaribia, anasimamisha manyoya, analia kwa sauti nzito, anakudonoa mkono. Kuku huyo si mgonjwa. Anataka kuatamia, yaani kulalia mayai mpaka yatotoe.

Watu wengi husema: «Mwacheni, atachoka mwenyewe.» Hilo ni kosa. Kuku anayelalia kiota kitupu hatagi, wala hatotoi. Anakula kidogo, anakonda, utitiri unamjaa. Majuma mengi yaweza kupita hivi. Nawe ukiwa na kuku watano tu, fungu moja la mayai katika matano limepotea.

Fikiri hasara hiyo. Mtu anayechimba dhahabu kutwa huko Kamituga au Misisi hana nafasi ya kufuga. Chakula chake hununua. Wewe unayekaa kando ya ziwa waweza kumwuzia kuku na mayai, na watoto wako nao wakala. Basi siku ileile uonapo kuku anataka kuatamia, amua: umpe mayai, au umwachishe. Njia ya tatu hakuna.

1. Ukitaka vifaranga

Jiulize kwanza: Je, jogoo yuko? Bila jogoo mayai hayatotoi kamwe. Je, kuku wa jirani wanakufa kwa ugonjwa? Basi ngoja, maana vifaranga hufa upesi.

Tengeneza kiota katika kitunga au sanduku, mahali penye kivuli na utulivu. Tia majani makavu, na chini yake majivu kidogo ya kuzuia utitiri. Usikiweke penye maji ya mvua. Watu wa Uvira wanajua nguvu ya maji: mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukabomoa nyumba.

Chagua mayai safi, yasiyo na ufa, yasiyopita siku 7 tangu kutagwa. Usiyaoshe. Mpe kuku mayai 10 au 12. Kuku mdogo mpe 8, maana yai asilolifunika hupoa likafa. Yatie yote pamoja, wakati wa jioni. Ukiongeza mengine baadaye, vifaranga wa kwanza watatoka, mama atawafuata, na mayai yaliyobaki yataharibika.

Weka maji na mahindi karibu. Kila siku kuku aondoke kidogo ale, anywe, aoge mavumbi. Asipoondoka, mwondoe kwa mikono miwili polepole.

Siku ya 7, usiku, shika kila yai mbele ya tochi. Ukiona mishipa myekundu kama utando wa buibui, yai ni zima. Likiwa jeupe tupu ndani, liondoe, halina kifaranga. Tangu siku ya 18 usiyaguse tena. Siku ya 21 vifaranga hutoka.

2. Usipotaka vifaranga

Usimchovye kuku majini. Usimpitishe unyoya puani. Usimnyime chakula. Hayo ni mateso, nayo humdhoofisha kuku unayetaka atage.

Dawa ni upepo chini ya tumbo lake. Joto la kiota ndilo linalomshika aendelee kuatamia. Kwa hiyo twaa tenga la fito, ambalo chini yake pana nafasi za kupitisha hewa. Lininginize au uliweke juu ya mawe, kivulini, mbali na kiota. Usitie majani. Mtie kuku humo pamoja na maji na chakula, akae usiku na mchana siku 3 au 4. Halafu mfungue. Akirudi kiotani kulala, mrudishe tengani siku 2 tena. Akienda kuparua pamoja na wenzake, amepona. Baada ya siku chache atataga tena.

Ukimwona siku ya kwanza, kazi ni ndogo. Ukichelewa, kazi ni ndefu.

3. Shauri jema

Kuku wawili wakitaka kuatamia pamoja, wape mayai siku moja. Wakitotoa, vifaranga wote wape mmoja awalee, usiku, gizani, asiwakatae. Wa pili atarudi kutaga mapema, wala hutangoja miezi miwili au zaidi ya kulea.

Maswali

1. Kwa nini ni vibaya kumwacha kuku alalie kiota kitupu?
2. Kwa nini mayai yote hutiwa siku moja?
3. Tenga la fito linamsaidiaje kuku?
4. Leo nenda utazame viota vyako. Ni kuku gani anayelala humo bila kutaga?