Maksai Wangu Analala Akifungwa Nira

SWALI: Mimi ni mkulima wa Ndalambo, wilaya ya Momba. Nina madume wawili niliowahasi mwaka jana, hawajawahi kulima. Juzi tumewafunga nira kwa mara ya kwanza na siku hiyo hiyo tukawapa plau. Mmoja anatembea, mwenzake analala chini. Shemeji anamchapa na kumnyonga mkia mpaka ainuke, halafu analala tena. Anasema nimpeleke Tunduma akauzwe nyama. Mvua za Novemba hizo zinakuja na nina ekari tano za mahindi. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, usimuuze, na msimu huu usilime naye. Kodi jozi ya jirani au trekta kwa hizo ekari tano. Najua fedha inauma kipindi hiki mbegu na mbolea vinapokungoja, lakini huyo ng'ombe bado hajafundishwa kitu.

Kwanza mfungue kinywa utazame meno ya mbele, taya la chini. Ukikuta makubwa mawili tu, bado ni mdogo, ana miaka miwili na kitu. Akiwa na manne, yuko kwenye mitatu, umri mzuri wa kuanza mafunzo. Kulima kutwa nzima kungoje afikishe minne. Ng'ombe wetu wa asili huchelewa kukomaa, ila akitunzwa atakulimia miaka minane na zaidi.

Sasa fikiria alichokutana nacho juzi. Mti asioujua umemkalia shingoni, mnyororo unalia nyuma, chuma kimeng'ang'ania ardhi ya Oktoba iliyokauka, na mtu anapiga kelele. Amelala kwa sababu hakuona njia nyingine ya kujinasua. Mkia ukinyongwa unaweza kuvunjika pingili, na kesho akisikia tu sauti ya shemeji atalala kabla hata ya kuguswa. Mwambie shemeji aweke fimbo chini, tena leo.

Kagua pia nira yenyewe. Pitisha kiganja sehemu inayokaa mbele ya nundu. Ukihisi kifundo au ufa, piga msasa mpaka iteleze. Kisha papasa shingo ya ng'ombe. Pakiwa na uvimbe au ngozi imechubuka, asifungwe mpaka apone kabisa. Akiwa amekonda, anahema sana au tezi zimevimba chini ya masikio, mwite afisa mifugo upesi, maana ndigana nayo hulaza ng'ombe.

Akiwa mzima, anza upya kabisa. Mzoeshe kamba na mkono wako kwanza, umpapase mwili mzima mpaka aache kuruka. Halafu nira tupu, bila mzigo, pembeni ya maksai mzee anayejua kazi. Huyo mzee atamfundisha vizuri kuliko mimi na wewe. Asubuhi kabla ya jua kali, nusu saa inatosha. Akishatembea bila wasiwasi, avute gogo jepesi, kisha zito kidogo, na plau ya mazoezi tu ije mvua ikishalainisha udongo. Wa kulia abaki kulia siku zote. Maneno ya kumwamuru yawe ya Kinyamwanga au Kiswahili, vyovyote, ila watu wote nyumbani watumie yale yale.

Akilala tena, fungua mnyororo wa mzigo lakini nira muiache shingoni. Nyamazeni, msubirini. Akiinuka mwenyewe mwongoze hatua chache, msifu, ndipo umfungue. Ukimfungua akiwa bado amelala, umemfundisha kulala.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kabla Songwe haijawa mkoa, Mradi wa Maksai wa Mbeya uliosaidiwa na Canada ulihimiza sana plau na mikokoteni ya ng'ombe huku kwetu. Wazee waliojifunza kazi enzi hizo bado wapo. Mtafute mmoja ambaye ng'ombe wake husimama kwa neno tu, umwombe jozi yake kwa mazoezi ya asubuhi.

Na chakula: mabua na majani ya maharage ya mavuno ya Juni usiyachome tena shambani. Yaweke juu ya kichanja, uwape na chumvi na pumba kiangazi chote. Kufikia Septemba ijayo jozi yako iwe na mwili wa kuvuta.