Kufunga Mpira wa Mwisho wa Pampu ya Zege

Wasomaji wa gazeti letu, muhula huu nataka kueleza kazi moja ndogo inayofanyika katika mtambo mkubwa, nayo ni kufunga mpira wa mwisho wa pampu ya zege. Nasema ni kazi ndogo kwa sababu huchukua dakika chache tu, na vifaa vyake ni kibano, pini, mnyororo na mkanda. Lakini kazi hiyo ikipuuzwa, mtu aweza kupoteza maisha. Nitaeleza kwanza mtambo wenyewe, kisha hatari ya mpira huo, na mwisho namna unavyofungwa wakati wa kumwaga zege na wakati wa safari.

MTAMBO WENYEWE

Mahali pengi hata leo zege hupandishwa ghorofani kwa karai. Vibarua hujipanga msururu na kupokezana kutoka chini hadi juu. Njia hii yafaa kwa nyumba ndogo, lakini kwa jengo kubwa huchelewesha, na zege halingoji mtu: saruji ikishachanganywa na maji huanza kushikana. Kwa sababu hiyo mafundi wa Ujerumani walianza kutengeneza pampu za zege katika miaka ya 1920, na leo pampu hizo huonekana pia katika miji yetu mikubwa, kama Dar es Salaam.

Pampu hupandishwa juu ya lori. Nyuma ya lori pana bakuli kubwa la chuma, ambamo gari la kuchanganyia humimina zege. Chini ya bakuli pana pistoni mbili zinazofanya kazi kwa zamu: moja ikivuta zege kutoka bakulini, ya pili husukuma la kwake kuingia katika bomba. Bomba hilo la chuma, ambalo mara nyingi kipenyo chake cha ndani ni milimita 125, limelazwa juu ya mkono mrefu wenye viungo. Mkono hukunjwa na kukunjuliwa kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa katika silinda, kama vile misuli inavyokunja mkono wa mtu begani, kwenye kiwiko na kwenye kifundo. Mingine hukunjwa kama herufi Z, na mingine huviringishwa. Baadhi ni mirefu sana. Mwaka 2011, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima nchini Japani, lori la namna hii lenye mkono wa mita 58 lilitumika kumwagia maji jengo la mtambo wa nyuklia.

Penye ncha ya mkono bomba la chuma hukoma, na hapo huning'inia mpira mnene ambao ukuta wake umeimarishwa kwa nyuzi au waya za chuma. Urefu wake kwa kawaida ni mita 3 au 4. Huo ndio mpira wa mwisho. Mtu mmoja husimama kando yake na kuuelekeza, ili zege liangukie panapotakiwa. Mwendeshaji naye yuko mbali kidogo, akiongoza mkono kwa rimoti aliyojifunga kiunoni.

JE, NI MPIRA TU?

Mjomba wangu ni mshika mpira. Likizo iliyopita nilimwuliza kama haiogopi kazi yake. Alinijibu, "Mpwa wangu, huu ni mpira tu, si chuma. Tena, ajali haina kinga." Maneno hayo nimeyafikiri sana nikiwa huku bwenini, maana yeye ndiye aliyeninunulia tranka na godoro, na sipendi siku moja niitwe ofisini kupewa habari zake. Basi nimeona yafaa tuyapime maneno yake mawili kwa elimu tunayofundishwa darasani.

Tuanze na neno la kwanza. Kipenyo cha mpira ni mita 0.125, hivyo nusu kipenyo ni mita 0.0625. Eneo la tundu lake ni karibu mita za mraba 0.0123. Tukizidisha kwa urefu wa mita 4, twapata mita za ujazo 0.049. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo 2,400 hivi. Kwa hiyo zege lililomo ndani ya mpira huo peke yake lina kilo 118, na uzito wa mpira wenyewe bado hatujauhesabu. Hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji ya kilo 50, inayoning'inia juu ya watu. Kibano kikifunguka, kinachoanguka si mpira tu.

Pili, tukumbuke somo la wenzo. Mzigo wa kilo 118 una nguvu ya nyutoni 1,180 hivi. Ukining'inia mita 30 kutoka kwenye lori, momenti yake ni nyutoni-mita 35,400. Mwenye kuunga mpira wa pili ili afike mbali zaidi huongeza momenti hiyo karibu mara mbili, na lori laweza kupinduka. Kwa hiyo urefu wa mpira ulioandikwa na watengenezaji wa mtambo usizidishwe hata kidogo.

Tatu ni hewa, na hapa hatuhitaji kwenda mbali. Sote twajua bomba la maji la shule linavyofanya maji yanaporudi baada ya kukatika. Kwanza hukohoa, kisha hutema hewa na maji kwa kishindo. Na ule mpira wa kumwagilia bustani, ukifunguliwa bila mtu kuushika, hurukaruka kama nyoka aliyekanyagwa. Katika pampu ya zege mambo ni hayo hayo, ila nguvu ni kubwa mno. Hewa ikinaswa ndani ya bomba, zege huibana. Kanuni ya Boyle yatufundisha kwamba lita 5 za hewa iliyobanwa kwa shinikizo mara 20 la hewa ya kawaida zitataka nafasi ya lita 100 zitakapopata upenyo, ikiwa joto halikubadilika. Upenyo wenyewe ni mdomo wa mpira. Hewa hutoka kwa ghafula, mpira hucharaza huku na huku, na kokoto huruka kama risasi.

Hewa hiyo huingia lini? Huwamo bombani kabla ya kazi kuanza. Huingia pia wakati zege likipungua bakulini hata pistoni zikavuta hewa, na wakati bomba linapofunguliwa ili kuondoa zege lililoziba.

KUFUNGA WAKATI WA KUMWAGA ZEGE

Mpira huunganishwa na bomba la chuma kwa kibano cha vipande viwili. Katikati huwekwa pete ya mpira ili zege lisivuje. Kibano hukazwa kwa wenzo wake, kisha pini ya usalama hupitishwa ili wenzo usifunguke kwa mtikisiko. Pini hiyo isibadilishwe kwa msumari wala kipande cha nondo.

Kibano kikisha kukazwa, kazi bado haijaisha. Hapana budi kuweka kifungo cha pili, yaani mnyororo au kamba ya chuma ya kuzuia mpira usianguke. Kifungo hiki huuzunguka mpira, na upande wa juu hufungwa kwenye chuma cha mkono wenyewe. Kisifungwe kwenye bomba. Sababu ni nyepesi kuelewa. Kokoto husugua bomba kwa ndani siku hata siku, hata chuma kikawa chembamba. Bomba likikatika, kila kilichofungwa kwenye bomba huanguka pamoja nalo. Vifungo viwili vinavyotegemea kitu kimoja ni sawa na kifungo kimoja.

Mnyororo usiachwe mrefu. Mzigo ukianguka sentimita chache kabla ya kuzuiwa, mshtuko ni mdogo. Ukianguka mita nzima, mnyororo waweza kukatika, kwani nishati huongezeka kadiri kimo kinavyoongezeka. Lakini pia usikazwe hata ukaupinda mpira, kwa kuwa mpira wapaswa kuning'inia wima na huru.

Mdomo wa chini wa mpira uachwe wazi. Watengenezaji hukataza kufunga kibano au pete ya chuma hapo, maana siku mpira utakapocharaza, chuma hicho kitakuwa rungu. Tena kabla ya kazi mpira ukaguliwe. Ukionyesha waya za ndani, au ukiwa na uvimbe au mpasuko, utupwe.

MAHALI PA KUSIMAMA

Mnyororo huzuia mpira usianguke, lakini hauwezi kuuzuia usicharaze. Kwa hiyo, wakati wa kuanza kusukuma, watu wote wakae nje ya duara ambalo kipenyo chake ni mara mbili ya urefu wa mpira. Mpira wa mita 4 huhitaji duara la kipenyo cha mita 8, yaani mita za mraba 50 hivi, karibu sawa na sakafu ya darasa. Mshika mpira aingie baada ya zege kutoka mfululizo na mpira kutulia. Kazi ikisimama kisha ikaanza tena, ihesabiwe kuwa ni mwanzo mpya, na watu watoke tena.

Anaposhika, asiupitishe mpira katikati ya miguu, asiukumbatie kifuani, wala asijifunge nao. Asiukunje, wala asiuzike mdomo wake ndani ya zege. Naye anayesimamia bakuli asiliache likauke, maana uzembe wake huku chini humpata mwenzake kule juu.

KUFUNGA WAKATI WA SAFARI

Zege likisha kumwagwa, watu huchoka na kutaka kuondoka upesi. Hapo ndipo mpira husahauliwa. Mkono ukikunjwa, mpira wabaki ukining'inia kama ulimi wa kengele. Lori likienda hivyo barabarani, mpira waweza kumpiga mwendesha bodaboda au mtu anayengoja daladala, na mawe yaliyobaki ndani huanguka njiani. Taratibu nzuri ni hizi:

1. Bomba na mpira visafishwe kwanza, visibakie na zege. Zege likigandia ndani, huongeza uzito na kuziba njia siku ya pili.

2. Mkono ukunjwe polepole. Msaidizi auongoze mpira kwa kamba akiwa amesimama kando, asiwe chini yake.

3. Mpira ulazwe katika kishikizo chake kwenye mkono, kisha ufungwe kwa mkanda au pini. Kwa mitambo isiyo na kishikizo, au ikiwa kitabu cha mtambo kimeagiza hivyo, mpira ufunguliwe na kulazwa mahali pake juu ya lori.

4. Mdomo wa mpira uzibwe kwa kizibo, nacho kifungwe kisipotee.

5. Mwendeshaji alizunguke lori na kuvuta kila kifungo kwa mkono wake kabla ya kuwasha gari. Asitosheke na kuambiwa, "Tayari, bosi."

Katika saiti nyingine mambo hugeuzwa. Kifungo cha safari hufunguliwa kwanza, ndipo mkono ukunjuliwe. Mkono ukikunjuliwa hali mpira bado umefungwa, ama kishikizo kitavunjika ama mpira utachanika, na utakapochomoka utaruka. Mnyororo wa kuzuia kuanguka nao ukaguliwe upya, maana kila kifungo kina wakati wake: kimoja ni cha kazi na kingine ni cha safari, wala hakuna kinachoshika nafasi ya mwenzake.

NENO LA PILI

Sasa turudi kwenye neno la pili, kwamba ajali haina kinga. Msemo huu wazee huutumia kuwafariji waliofikwa, na kwa kazi hiyo ni mzuri. Lakini haufai kusemwa asubuhi kabla ya kazi. Tumeona kwamba mpira huanguka kwa sababu inayojulikana, na pini na mnyororo vyaizuia. Hucharaza kwa sababu inayojulikana, na duara la mita 8 laiepusha. Hupiga watu njiani kwa sababu inayojulikana, na mkanda mmoja waiondoa. Jambo ambalo sababu yake yajulikana na dawa yake yajulikana, hatuna ruhusa ya kulisingizia bahati.

Baadhi yetu tukimaliza kidato cha nne tutakwenda VETA, na wengine tutaingia moja kwa moja katika kazi za ujenzi. Huko tutakuwa wadogo, na si rahisi kijana kumwambia fundi mkuu kwamba mnyororo umesahauliwa. Nashauri tuulize kwa adabu: "Samahani, fundi, mnyororo wa mpira umefungwa wapi?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Akiwa ameufunga, atakuonyesha. Akiwa amesahau, ataufunga. Na anayesimama chini ya mpira huo ni baba, kaka au mjomba wa mtu.

Mwisho, kwa wapenda hesabu: tafuteni uzito wa zege katika mpira wa mita 3 wenye kipenyo kile kile, na kipenyo cha duara ambalo watu wakae nje yake. Majibu niliyopata ni kilo 88 hivi na mita 6.