Mahitaji ya Msingi ya Punda: Nini Kinunuliwe Kwanza?

Wahenga walisema asante ya punda ni mateke, na methali hiyo imemchafulia mnyama huyu jina kwa muda mrefu. Hata hivyo, teke aghalabu huwa na sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ilinunuliwa dukani: kamba ya nailoni iliyochuna ngozi, au tandiko gumu linalokandamiza uti wa mgongo. Somo hili limekusudiwa kumwongoza mtu anayenunua punda kwa mara ya kwanza, awe mchukuzi wa Lamu, mwenye mkokoteni wa Mwea au mama wa Kajiado anayemtegemea kubeba maji. Swali letu ni moja: fedha zikiwa chache, nini kinunuliwe kwanza?

Twauliza hivyo kwa kuwa punda huficha maumivu yake. Ng'ombe wa maziwa akiugua, maziwa hupungua na mwenyewe akatambua. Punda huendelea kuvuta mpaka siku anaposhindwa kabisa. Ndiyo maana ni rahisi kwa mnunuzi kubana matumizi pale ambapo mnyama hawezi kudai, kisha akajikuta analipa mara mbili: gharama ya tiba, na siku za kazi zilizopotea.

1. Maji na malisho

Kitu cha kwanza ni chombo cha maji: ndoo au hori imara, isiyo na ncha kali, ambayo yaweza kusafishwa kila siku. Punda huhitaji kati ya lita 10 na 25 kwa siku, kutegemea joto na kazi. Anajulikana kwa kuvumilia kiu, lakini uvumilivu huo si ruhusa ya kumnyima maji.

Kitu cha pili ni malisho makavu. Kadirio lifaalo ni kati ya asilimia 1.5 na 2 ya uzito wake. Punda wa kilo 130 apate takriban kilo 2 hadi 2.6 kwa siku, na azidishiwe kidogo akifanya kazi nzito. Nyasi kavu na mabua safi humfaa zaidi kuliko magunia ya chakula cha ng'ombe wa maziwa, kwa sababu tumbo lake ni dogo na limeumbwa kula kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ongeza jiwe la chumvi la kulamba. Vyakula vingine vya bei kubwa si lazima kwa punda mwenye afya, na vikizidi humnenepesha na kumletea maradhi ya kwato.

2. Vyakula viwili vya kuepukwa

Mnunuzi mwema hutafuta bei nafuu. Lakini kuna vitu viwili ambavyo twamsihi asivinunue hata akipewa bure.

Cha kwanza ni mahindi au pumba zenye ukungu. Ukungu fulani wa mahindi hutoa sumu iitwayo fumonisini, ambayo huharibu ubongo wa farasi na punda. Mabaki ambayo ng'ombe huenda akayala bila dalili ya wazi yaweza kumwua punda. Kuosha na kuanika hakuondoi sumu hiyo.

Cha pili ni chakula cha kuku. Baadhi ya vyakula hivyo hutiwa monensini, dawa inayomkinga kuku na ugonjwa wa kuhara damu. Dawa hiyo hiyo huharibu misuli ya moyo wa punda, na kiasi kidogo tu chatosha kumwangamiza. Baadhi ya virutubisho vya ng'ombe navyo huwa nayo. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, soma lebo yote: chakula kimekusudiwa mnyama gani, kimetiwa dawa gani, na kitakwisha muda lini. Gunia lisilo na lebo liache dukani.

3. Matandiko na mzigo

Kwa punda abebaye mgongoni, nunua tandiko lenye mito miwili, mmoja kila upande, ili uti wa mgongo ubaki wazi katikati. Juu ya tandiko hilo ndipo shogi huwekwa, uzito ukiwa sawa pande zote mbili. Kwa punda wa mkokoteni, ukanda wa kifuani uwe mpana, laini, na uliofunikwa kwa kitambaa cha pamba kinachonyonya jasho. Mipira ya magurudumu ya zamani hainyonyi jasho, na kamba nyembamba hukata ngozi. Vyote viwili ni rahisi kununua lakini ni ghali kutumia. Hatamu ya kamba laini ya pamba yatosha kumwongozea. Fimbo si miongoni mwa mahitaji ya msingi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na aliye nyuma ya punda husahau upesi uzito ulio mbele yake. Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama. Kwa punda wa kilo 130, hiyo ni kilo 43 hivi. Mfuko mmoja wa saruji una kilo 50; basi huo peke yake umekwisha kuvuka mpaka. Tena, kumzidishia mnyama mzigo ni kosa chini ya sheria ya Kenya inayozuia ukatili dhidi ya wanyama.

4. Kwato, ngozi na afya

Nunua chombo cha kutolea uchafu kwatoni na brashi ngumu. Hivi viwili ni vya bei ndogo, na hukupa sababu ya kumkagua mnyama kila siku, asubuhi kabla ya kazi na jioni baada yake. Tenga pia fedha za kupunguza kwato kila baada ya wiki 6 hadi 8, kazi ifanywayo na mtu aliyefunzwa.

Lugha yetu yenyewe inatukumbusha chanjo ya kwanza: tunauita ugonjwa pepopunda, na ni kweli kwamba punda na farasi ni miongoni mwa wanyama wanaodhuriwa upesi na maradhi hayo. Mwulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo hiyo na ile ya kichaa cha mbwa, pamoja na ratiba ya dawa ya minyoo. Dawa inunuliwe katika duka lililosajiliwa, ikiwa imefungwa, yenye maelezo na tarehe. Na punda akikataa chakula kwa siku nzima, usingoje kesho. Mafuta ya mwili huweza kuanza kujaa katika damu yake, na hali hiyo huua.

5. Makazi na mwenzi

Punda hana manyoya ya kuzuia maji kama ya farasi, kwa hiyo ahitaji paa, kivuli na sakafu kavu. Banda liwe na mlango wenye kufuli, kwani biashara ya ngozi imewafanya punda kuwa windo la wezi. Biashara hiyo ndiyo iliyoufanya Umoja wa Afrika, Februari 2024, ukubaliane kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi zao.

Hitaji la mwisho haliuzwi dukani. Punda ni mnyama wa jamaa, na akiishi peke yake hudhoofika. Kama huwezi kununua wawili, tafuta jirani ambaye punda wake watalisha pamoja na wako.

6. Ukiuziwa bidhaa mbovu

Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, maelezo yanayohitajika, na fidia kwa hasara itokanayo na kasoro. Lakini haki hudaiwa kwa ushahidi. Weka risiti na lebo ya kila gunia, na uhifadhi viganja viwili vya chakula chenyewe katika mfuko mkavu uliofungwa mpaka gunia liishe. Mnyama akidhurika, sampuli hiyo ndiyo itakayosema.

Maswali ya kujipima

- Je, nimetenga fedha za maji, malisho na kwato za miezi mitatu ya kwanza?
- Je, nimesoma lebo ya chakula hadi mwisho?
- Je, nimepitisha kiganja changu chini ya tandiko na ukanda, nikatafuta mahali penye joto, uvimbe au kidonda?
- Je, namjua daktari wa mifugo aliye karibu kabla sijamhitaji?

Ukijibu ndiyo kwa maswali yote manne, mlete punda nyumbani. Ukijibu hapana hata kwa moja, subiri. Ni afadhali kungoja mwezi mmoja sokoni kuliko kumzika mnyama aliyekuwa tegemeo la nyumba.