Ufa Upi Uzibwe? Kuku Wetu na Baridi ya Julai

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kabisa. Lakini mpenzi msomaji, iko nyumba moja ambayo methali hii ikifuatwa kijuujuu huleta hasara badala ya faida, nayo ni nyumba ya kuku. Makala haya yanawahusu hasa wanafunzi wanaotoka Limuru, Kinangop, Molo, Timboroa na kwingineko kwenye nyanda za juu, ambako kati ya Juni na Agosti jua huonekana kama mgeni. Katika boma nyingi za huko, mayai ndiyo hununua sukari na sabuni, na hata kulipa nauli ya kurudi shuleni. Kuku wakifa, jamii nzima hupata pigo.

Kwanza tumjue adui. Wengi hudhani ni baridi. La hasha! Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi za selsiasi, kupita letu la nyuzi 37. Manyoya yake hunasa hewa, na hewa hiyo huzuia joto lisitoroke. Ndiyo maana usiku utamwona koo, yaani kuku aliyekwisha kutaga, amejitutumua akawa kama mpira. Kuku aliyekomaa, akiwa mzima, mkavu na ameshiba, huvumilia baridi ambayo wewe ungevalia sweta mbili.

Adui mkubwa ni unyevu. Baridi ya Januari kule Nyandarua, ile inayoleta sakitu (umande ulioganda) alfajiri, ni kali lakini ni kavu. Jua likichomoza, mambo kwisha. Baridi ya Julai huja na mawingu, ukungu na manyunyu, na hakuna kinachokauka. Manyoya yakilowa hayanasi hewa tena. Isitoshe, unyevu mwingi hutoka kwa kuku wenyewe: katika pumzi zao na katika kinyesi kibichi, ambacho takriban robo tatu yake ni maji.

Sasa hebu tazama yanayotokea mtu akiziba kila mahali kwa magunia na karatasi za nailoni. Mvuke hupanda, hugusa mabati baridi, hugeuka matone na kudondokea matandiko. Matandiko yakilowa, kinyesi hutoa amonia, ile hewa inayochoma macho. Amonia hudhuru njia ya pumzi ya kuku, na magonjwa ya kifua humpata kwa urahisi. Vilevile unyevu huwafaa vijidudu vya koksidia, vinavyowaharisha damu kuku, hasa wale wachanga. Asubuhi mwenyewe anakuta wawili wamekufa, anasema, "Ni baridi tu hii," kisha anaongeza gunia lingine!

Basi ufa upi uzibwe? Ziba ule ulio usawa wa kuku aliyelala, kwa sababu upepo ukipita hapo hufunua manyoya na kuiba joto. Ule wa juu, chini ya paa, uache wazi, uuwekee wavu wa kuzuia paka na vicheche. Hapo hewa chafu itatoka bila kuwapuliza kuku. Baada ya hapo, zingatia haya:

1. Matandiko. Tandaza maranda makavu kutoka kwa seremala, au mabua ya ngano yaliyokatwakatwa, kina cha sentimita 10 hivi. Yageuze mara kwa mara. Shika konzi moja ufinye: yakishikana kama donge la ugali, yameloa, yaondoe. Yakiachana, ni sawa.

2. Mahali pa kulala. Weka ubao bapa wenye upana wa sentimita 5 hivi, juu ya sakafu. Kuku akiketi hapo hufunika vidole kwa manyoya ya tumbo. Kijiti chembamba huacha vidole nje.

3. Chakula. Kuku wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku, na baridi ikizidi huhitaji zaidi. Mrushie mahindi kidogo jioni, juu ya chakula chake cha kawaida, kwani kumeng'enya chakula usiku hutoa joto. Huko Ulaya mayai hupungua wakati wa baridi kwa sababu mchana huwa mfupi sana. Sisi tuko karibu na ikweta, na mchana wetu ni wa saa 12 hivi mwaka mzima. Kwa hivyo mayai yakipungua Julai, usisingizie urefu wa mchana. Anza kwa kukagua chakula, unyevu na afya ya kuku.

4. Maji. Asubuhi wape maji safi yenye uvuguvugu, maana asiyekunywa hali vizuri wala hatagi. Inua chombo juu ya tofali ili maji yasimwagikie matandiko.

5. Vifaranga. Hawa ni kesi tofauti, kwani malaika yao hayazuii baridi. Wiki ya kwanza wanahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki hadi waote manyoya. Wakirundikana chini ya taa, wanasikia baridi. Wakiikimbia huku midomo wazi, joto limezidi. Ukitumia jiko la makaa, lazima hewa ipite, kwa maana moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua kuku na watu pia.

Likizo ya Agosti ikifika, amka mapema siku moja kabla kuku hawajafunguliwa. Ingia, inama hadi usawa wao, uvute pumzi. Macho yakikuwasha, usilete gunia. Fungua juu, badilisha matandiko, na uwaeleze wazee nyumbani kwa heshima sababu yake.

Zoezi
(a) Kwa nini baridi ya Julai huwadhuru kuku kuliko ya Januari?
(b) Eleza safari ya mvuke kutoka kwa kuku hadi kwenye matandiko.
(c) Tembe, pora na koo hutofautianaje? Jadilianeni chamani.