Kabla ya kununua mbegu mpya: namna ya kufanya jaribio lisilotudanganya



Mwezi wa tisa uko karibu, na koperative nyingi zinajiuliza ulizo moja: tutoe pesa ya sanduku tununue mbegu mpya ya maharage, ao tuendelee na ile ya zamani? Ulizo hili si dogo. Mbegu ikinunuliwa, wanachama wanaichukua kwa mkopo. Isipozaa, deni linabaki, na mwenye shamba baya ndiye analemewa zaidi.

Mara nyingi tunajibu namna hii: tunapanda mbegu mpya katika shamba moja nzuri karibu na barabara, tunaiwekea mbolea, wageni wanakuja kuangalia, kila mtu anasema «imezaa sana». Lakini kilichozaa ni nini? Mbegu, ao udongo, ao mbolea, ao palizi? Hakuna anayeweza kujua. Katika somo hili tutaonyesha namna ya kupanga jaribio ili jibu liwe la kweli. Tutachukua mfano wa koperative ya wanachama 80: 50 wanalima mlimani, 30 wanalima bondeni. Mbegu zote mbili, ya zamani na mpya, ni za maharage ya kupanda juu ya miti.

1. Mashamba yachaguliwe kwa kura

Hatuwezi kujaribu kwa wanachama wote 80. Tunachukua wachache wasimame kwa ajili ya wote, kama vile mama anavyoonja kijiko kimoja cha mchuzi. Lakini lazima kwanza akoroge chungu. Asipokoroga, anaonja maji ya juu tu, chumvi iko chini.

Kukoroga kwetu ni kupiga kura. Andikeni majina yote ya wanachama, kila jina kwa karatasi yake. Wa mlimani muwaweke katika kofia moja, wa bondeni katika ingine, juu udongo wao si mmoja na tunataka jibu la kila upande. Mtoto avute karatasi sita katika kila kofia. Tunapata mashamba 12.

Mbona tusichague tu wanaojitolea? Juu anayejitolea, mara nyingi ni yule mwenye nguvu, mwenye shamba kubwa, mwenye ng'ombe wa kumpa samadi. Mjane wa kule juu hajitolei, lakini deni la mbegu litamfikia naye. Jina lake lazima liwe ndani ya kofia. Na kama aliyevutwa anakataa, vuteni karatasi ingine katika kofia ileile. Msimweke rafiki pahali pake.

2. Vipande viwili, mbavu kwa mbavu

Katika kila shamba, pimeni vipande viwili vya meta 6 kwa meta 5. Kimoja mbegu ya zamani, kimoja mbegu mpya. Mlimani vipande vikae kwenye usawa mmoja, si kimoja juu na kingine chini, juu mvua inateremsha udongo mzuri, na kipande cha chini kitashinda bure.

Mbegu mpya ikae kuume ao kushoto? Hapo pia tupige kura, karatasi mbili tu, kwa kila shamba. Mkulima anajua kipande gani cha shamba lake ni kizuri, na mkono wake utapeleka mbegu mpya kule hata bila kutaka. Ronald Fisher, aliyeanza kazi kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka wa 1919, ndiye aliyefanya kura hii kuwa kanuni ya majaribio ya shambani. Kitabu chake cha kupanga majaribio kilitoka mwaka wa 1935.

Kisha, yote mengine yawe sawasawa: siku moja ya kupanda, nafasi moja kati ya mashimo, urefu mmoja wa miti, samadi ileile, palizi siku moja. Na mbegu ya zamani ichambuliwe vizuri. Mkiweka mbegu mpya safi kushindana na ya zamani iliyotobolewa na wadudu, mnajaribu wadudu, si mbegu.

3. Kuvuna na kupima

Mimea ya pembeni inapata jua na nafasi zaidi, tena majani ya jirani yanaifikia. Kwa hiyo acheni nusu meta kila upande, mvune katikati tu. Inabaki meta 5 kwa 4, ni kusema meta 20 za mraba. Kausheni maharage ya vipande viwili kwa masiku yaleyale, mpime kwa mizani moja. Kilo mnazopata, mkizidisha mara 500, ni kilo kwa hektari.

Kama mbuzi amekula kipande kimoja, andikeni, na muondoe vipande vyote viwili vya shamba hilo. Lakini msiondoe shamba eti kwa sababu mbegu mpya imeshindwa. Kushindwa ni jibu pia.

4. Kusoma matokeo

Kwa kila shamba, toeni kilo za zamani katika kilo za mpya. Haya ni matokeo ya kufundishia tu:

Bondeni: imezidi 0,8, 0,6, 0,7, 0,9, 0,5, 0,7. Kwa wastani imezidi kilo 0,7.
Mlimani: imezidi 0,1, imepungua 0,2, imezidi 0,2, imepungua 0,1, imezidi 0,1, imepungua 0,1. Kwa wastani haikuzidi hata kidogo.

Mkichanganya yote 12, mtasema mbegu mpya inazidi kilo 0,35, ni kusema 175 kwa hektari. Hesabu ni sahihi, lakini inadanganya kila mtu. Bondeni faida ni 350 kwa hektari. Mlimani ni sufuri. Kama jaribio lingefanywa karibu na barabara tu, bondeni, wanachama 50 wangelipa deni la mbegu isiyowaongezea kitu.

Tena, msiangalie wastani peke yake. Angalieni kama mashamba yanakubaliana. Kama mbegu hizi mbili zingekuwa sawa, kila shamba ni kama kuvuta karatasi moja kati ya mbili. Mbegu mpya kushinda mara tatu kwa tatu inaweza kutokea kwa bahati mara moja katika 8. Kushinda sita kwa sita, mara moja tu katika 64. Ndiyo maana tumesema mashamba sita kila upande, si mawili ao matatu.

Msimu mmoja pia ni kijiko kimoja tu. Mvua ya msimu B inaweza kuleta jibu lingine. Rudilieni jaribio mara ya pili mbele ya kutoa pesa nyingi.

Maulizo ya kuzungumzia katika mkutano

– Mashamba yetu yako ya namna ngapi? Tutahitaji kofia ngapi?
– Nani hayuko kwenye liste ya wanachama lakini atachukua mkopo wa mbegu?
– Nani atashika daftari na mizani, asiyekuwa muuzaji wa mbegu?

Mzungumze hayo sasa, mbele mvua haijaanza.